Gari Lako, Usukani wa Mwingine: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Bima

Tanga gari la mtu mmoja hutumiwa na ukoo mzima. Leo shemeji analitaka awahi mazishi Muheza, kesho mdogo wako anapeleka mgonjwa Bombo, Jumamosi jirani wa Makorora analiombea harusi. Maswali yaliyo hapa ndiyo tunayoulizwa mara kwa mara kwenye kaunta ya wakala wa bima, na mengi tunaulizwa ajali ikiwa imeshatokea, wakati jibu halimsaidii tena muulizaji. Tunaomba uyasome kabla hujatoa funguo.

## Mambo ya msingi

1. Nikimwazima mtu gari langu, bima yangu inafanya kazi?

Mara nyingi inafanya kazi. Bima hukatiwa gari, kwa hiyo haizimiki kwa sababu tu usukani umeshikwa na mtu mwingine. Lakini kila mkataba una kifungu kinachosema nani anaruhusiwa kuendesha. Mikataba mingi ya magari binafsi inamtaja mwenye bima pamoja na mtu yeyote anayeendesha kwa ruhusa au agizo lake, mradi ana leseni halali ya aina hiyo ya gari na hajazuiwa na mahakama kuendesha. Mingine ina masharti makali zaidi: inataja madereva kwa majina, na asiyetajwa hayumo.

Kampuni itauliza mambo matatu: je, alikuwa na ruhusa yako, alikuwa na leseni inayofaa, na gari lilikuwa kwenye matumizi yaliyoandikwa kwenye mkataba? Karibu kila jibu lililo hapa chini linarudi kwenye moja ya hayo.

2. Nina bima ndogo tu. Shemeji akigonga, nani analipwa?

Wanaolipwa ni waliogongwa. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inalazimisha kila gari linalotembea barabarani liwe na bima ya kufidia kifo au majeraha ya watu wengine. Bima ndogo, yaani ya mtu wa tatu, ndiyo inayotimiza sharti hilo.

Chukua mfano wa shemeji aliyemgonga mwendesha bodaboda pale Pongwe. Kijana wa bodaboda kavunjika mguu, na majeraha yake yanadaiwa kwenye bima yako. Pikipiki yake nayo italipiwa ikiwa mkataba unahusisha mali za watu wengine. Mikataba mingi inahusisha, ila kwa kikomo kilichoandikwa. Sasa tazama upande wako: bampa, taa na boneti la Noah yako ni juu yako mwenyewe. Mkono wa shemeji uliovunjika pia haumo, kwa sababu bima ndogo haimlindi dereva. Watu wengi hawalijui hili la dereva hadi wanapokuwa hospitalini.

3. Na bima kubwa je?

Bima kubwa inafanya yote ya bima ndogo, kisha inatengeneza gari lako au kulilipia likiharibika kabisa, likiungua au likiibwa, hata kama aliyekuwa anaendesha ni mtu uliyemruhusu. Masharti ya dereva na matumizi yanabaki palepale. Baadhi ya mikataba inaongeza ulinzi wa dereva na abiria kwa kiasi fulani. Muulize wakala wako akuonyeshe mstari huo, usiridhike na neno la mdomo.

4. Masharti ya dereva nayasoma wapi? Mimi nimepewa stika tu.

Stika haitoshi. Dai kava noti (hati fupi inayothibitisha bima) au cheti cha bima pamoja na kijitabu cha mkataba. Kwenye cheti kuna sehemu mbili fupi, moja ya watu wanaoruhusiwa kuendesha na nyingine ya mipaka ya matumizi. Ni mistari michache, lakini mkadiria hasara, yaani anayelichunguza dai lako, anaanzia hapohapo. Kama imeandikwa kwa Kiingereza na hukuelewa, rudi kwa wakala akutafsirie mbele yako. Ni haki yako, na wakala anayekasirika kwa hilo mwache.

5. Ninayemwazima ana bima kubwa ya gari lake. Si inamfuata akiendesha langu?

Usiitegemee. Bima yake imekatiwa gari lake. Ipo mikataba inayomlinda mwenye bima dhidi ya madai ya watu wengine akiendesha gari lisilo lake, lakini hata hiyo haitengenezi gari aliloazima. Gari lako linategemea bima yako.

6. Bima imeisha jana. Nimpe tu afike stendi ya Kange na kurudi?

Hapana, hata kama ni umbali wa kufika Chumbageni. Sheria inamkataza mtu kutumia gari lisilo na bima barabarani, na pia inamkataza mtu kumruhusu mwingine alitumie. Maana yake wewe uliyelala nyumbani umetenda kosa pamoja na aliye barabarani. Na akimuumiza mtu, hakuna kampuni nyuma yenu. Fidia inadaiwa kwenu.

Kabla ya kutoa au kupokea gari, hakiki bima kwenye mfumo wa TIRA MIS mtandaoni, ulio chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA). Unaingiza namba ya usajili wa gari au namba ya stika. Ukikuta gari lako halimo na wewe ulilipa, mfuate aliyekuuzia siku hiyohiyo, maana stika za bandia bado zinawaliza watu.

## Nani nimpe funguo?

7. Mume, mke au mtoto wangu lazima atajwe kwenye mkataba?

Kama mkataba wako unaruhusu dereva yeyote mwenye leseni na ruhusa yako, hawahitaji kutajwa. Hata hivyo, wakati wa kukata bima, fomu ikiuliza nani analiendesha gari mara kwa mara, sema kweli. Baba akijaza kwamba anaendesha mwenyewe, kumbe gari analitumia kijana wake wa miaka 20 kila siku kwenda chuo, kampuni inaweza kusema ilifichwa jambo la msingi. Bima imejengwa juu ya ukweli wa pande zote mbili.

Pia mikataba mingi ya bima kubwa inamtaka mwenye gari achangie fedha zaidi kwenye dai ikiwa dereva ni kijana au amepata leseni karibuni. Tazama swali la 17.

8. Kijana wangu ana lena (leseni ya kujifunzia). Nikae naye nimfundishe Raskazone jioni, barabara ikiwa tulivu?

Kwanza soma mkataba. Mingi inawatenga wanaojifunza isipokuwa umeomba waongezwe, na ikiwaruhusu inasisitiza masharti yote ya sheria ya usalama barabarani kuhusu wanafunzi yafuatwe. Kijana asiye na lena kabisa ni jambo jingine: huyo hana leseni, na kukaa kwako pembeni hakumpi. Njia salama ni chuo cha udereva chenye gari lililokatiwa bima ya kufundishia. Ada ya chuo ni ndogo kuliko boneti, sembuse mguu wa mtoto wa watu.

9. Leseni yake imeisha wiki mbili zilizopita, au ni ya daraja lingine. Kuna shida?

Shida ipo, na ndiyo sababu mojawapo kubwa ya madai kukataliwa. Kuhusu daraja hakuna mjadala: mwenye leseni ya pikipiki akiendesha gari dogo hana leseni ya gari hilo. Na leseni ya gari dogo la binafsi haimruhusu mtu kuendesha daladala wala lori; magari ya abiria na ya mizigo yana madaraja yake.

Kuhusu iliyoisha muda, mikataba inatofautiana. Baadhi inakubali mtu aliyewahi kuwa na leseni na hajazuiwa kuipata tena, mingine inataka iwe hai siku ya ajali. Usibahatishe. Omba uione leseni, igeuze, soma tarehe na madaraja. Kwa shemeji mkubwa unaweza kuona haya, basi sema, "Shemeji, samahani, watu wa bima wanataka nakala ya leseni ya kila anayeendesha." Sisi tupo radhi kubeba lawama hiyo.

10. Fundi akilichukua kulijaribu, na kijana wa kuosha magari akilisogeza?

Hao wawili hawafanani. Mikataba mingi inaruhusu gari liwe mikononi mwa fundi kwa ajili ya matengenezo, na fundi mwenye leseni akilijaribu barabarani bima inaendelea kufanya kazi. Lakini saidia fundi wa miaka 17 akilipeleka Ngamiani kununua spea, leseni iko wapi? Muachie fundi funguo kwa maelezo: nani ataendesha, na hadi wapi.

Kijana wa kuosha magari mara nyingi hana leseni. Sogeza mwenyewe, ondoka na funguo.

11. Mtu kalichukua bila ruhusa yangu. Je?

Aliyeiba ni mwizi. Toa taarifa polisi mara moja, na kama una bima kubwa au ile ya mtu wa tatu yenye moto na wizi, dai lipo. Ugumu unakuja pale "mwizi" ni mpwa wako aliyezoea kuchukua funguo mezani na siku zote hukusema kitu. Kampuni itauliza kama mazoea hayo si ruhusa. Na ukisisitiza kwamba hakuruhusiwa, utaulizwa kwa nini hukuripoti wizi. Chagua ukweli mapema na ubaki nao.

## Matumizi ya gari

12. Nimelitoa harusini, au abiria wamechangia mafuta. Bima inakataa?

Gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi halitakiwi kubeba watu au mizigo kwa malipo. Ukilitoa bure kwenye msafara wa bwana harusi, kwa dereva mwenye leseni, hakuna tatizo. Ukipokea pesa ya kukodisha, hata ikiitwa asante, umebadilisha matumizi. Magari ya mchomoko yanayojaza abiria kwenda Korogwe au Lushoto kwa bima ya binafsi yako kwenye hatari hiyohiyo kila safari.

Kuchangia mafuta kuna ukungu zaidi. Ndugu watano wakikusanya pesa ya mafuta kwenda msibani Pangani, hiyo ni safari ya familia. Ukianza kuita watu usiowajua ili gari lijae na kila mmoja atoe chake, hiyo ni biashara. Mkadiria hasara atawahoji abiria mmoja mmoja, na abiria aliyelala wodini husema alilipa shilingi ngapi bila kufikiri mara mbili.

Hapa lipo jambo tunaloliwazia sana kuliko boneti: abiria hao wakiumia, wanaweza kujikuta wanakimbizana na kampuni inayosema gari halikutakiwa kuwabeba. Wenye gari la kukodisha, katieni bima ya biashara. Inagharimu zaidi, na ina sababu.

13. Daladala yangu ina dereva niliyemwajiri, lakini kaweka deiwaka (dereva wa kumshikia kwa muda). Ajali ikitokea?

Kwa matajiri wa daladala hili ndilo swali zito. Dereva kachoka, saa nane mchana anampa mwenzake pale kituoni amshikie ruti mbili, hesabu ya jioni ikae sawa. Wewe tajiri hata jina la deiwaka hulijui. Je, aliendesha kwa ruhusa yako?

Kampuni inaweza kusema hapana. Na kama deiwaka hana leseni ya gari la abiria, umekwama mara mbili. Wakati huohuo waliojeruhiwa wanaweza kukudai wewe, kwa sababu gari lilikuwa kazini kwako na hesabu ilikuwa inakuja kwako. Andika mkataba na dereva, taja kwa maandishi nani anaruhusiwa kumpokea, weka nakala za leseni zao zote nyumbani. Kama unamkubali deiwaka fulani, mwandike.

14. Pikipiki ya mkataba je, ambayo kijana ananilipa kidogo kidogo hadi iwe yake?

Hadi amalize, kadi ni yako na bima iko kwa jina lako. Hakikisha imekatwa kama bodaboda ya abiria, si pikipiki binafsi. Akimaliza mkataba, badilisheni kadi na bima siku hiyo. Tazama swali la 20.

## Ajali imetokea

15. Nifanye nini kwanza, na yeye afanye nini?

Majeruhi kwanza. Aliyeumia apate fomu ya PF3 polisi na apelekwe hospitali. Gari lisisogezwe hadi trafiki apime, isipokuwa linahatarisha wengine. Dereva apige picha: magari yalivyokaa, namba zake, alama za breki, barabara. Kisha piga simu kwa wakala au kampuni siku hiyohiyo, hata kama unadhani kosa si la kwenu. Fomu ya madai utajaza wewe mwenye bima, lakini maelezo ya ajali yataandikwa na aliyekuwa anaendesha, na nakala ya leseni yake itahitajika pamoja na ripoti ya polisi, PF90.

Usilipeleke gari kwa fundi kabla halijakaguliwa. Ukishanyoosha, hakuna tena cha kukagua.

Mtu mmoja atakuja na kusema tumalizane hapahapa. Mikataba mingi inakukataza kukubali kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Dereva wako wa kuazima, kwa woga au kwa kutaka usijue, anaweza kusaini karatasi kwamba atalipa kila kitu. Mwambie kabla hajaondoka nyumbani: ukigongana, usisaini ahadi, nipigie mimi.

16. Kijana asiye na leseni ndiye aliyekuwa anaendesha. Niseme nilikuwa mimi?

Usifanye hivyo. Tunaelewa moyo wa mzazi, na tumewaona wazazi waliofanya. Fomu ya madai inasema baba aliendesha. PF3 ya kijana inasema kaumia kifua kwa usukani na goti kwa dashibodi. Ramani ya polisi ina jina la dereva, na muuza madafu aliyeshuhudia hana sababu ya kudanganya. Karatasi hizo zote zinafika meza moja.

Hapo dai linaanguka lote, pamoja na sehemu ambayo pengine ingelipwa, na unafunguliwa kesi ya udanganyifu juu ya ile ya barabarani. Ukisema kweli, gari lako huenda lisilipwe, lakini aliyeumia bado ana njia. Sheria inaizuia kampuni kutumia baadhi ya masharti yake kumnyima majeruhi fidia aliyopewa na mahakama. Kampuni inaweza kulipa kisha ikakudai wewe. Ni deni, ila ni deni la mtu mkweli mwenye mtoto asiye na kesi ya kughushi.

17. Ile fedha ninayotakiwa kuchangia kwenye dai, si ailipe aliyeharibu?

Kwa kampuni, anayedaiwa ni wewe mwenye bima. Baina yenu wawili, mnaweza kukubaliana atalipa yeye, na ni vyema mkubaliane kabla ya safari. Kumbuka pia kwamba dai linaweza kukupotezea punguzo la mwaka unaofuata unalopewa kwa kutokudai. Kwa mkwaruzo mdogo, piga hesabu kwanza, lakini taarifa ya ajali itoe hata kama hudai.

18. Kampuni imekataa kulipa kwa sababu ya dereva. Naenda wapi?

Omba barua ya kukataa inayotaja kifungu cha mkataba. Linganisha na cheti chako, kisha andika malalamiko kwa kampuni yenyewe. Usiporidhika, nenda TIRA, au Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Mahakama ipo pia. Msikubali jibu la simu peke yake.

## Mazingira ya pekee

19. Rafiki analipeleka gari langu Mombasa kupitia Horohoro. Bima inavuka mpaka?

Bima ya kawaida inaishia Tanzania. Kwa Kenya unahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inashiriki ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Kadi hiyo inasimama juu ya bima yako ya nyumbani, inalinda madai ya watu wengine ukiwa ugenini, na inagharamia matibabu ya dereva na abiria. Haitengenezi gari lako. Mwenye bima kubwa aombe kampuni iongeze eneo kwa maandishi.

Na kwa kuwa si wewe unayeendesha, mpe barua ya ruhusa yenye jina lake, namba ya gari na tarehe, pamoja na nakala ya kadi ya gari. Atahitaji mpakani, na wewe utaihitaji kama ushahidi wa ruhusa.

20. Nimenunua gari, kadi bado ina jina la muuzaji, na bima ni yake. Niko salama?

Hapana. Bima haiuzwi pamoja na gari. Muuzaji akishapokea pesa hana tena maslahi kwenye gari hilo, na wewe si mtu wake wa kuazima, bali mmiliki asiye na mkataba. Kamilisha uhamisho wa umiliki TRA, na kata bima kwa jina lako kabla hujaliondoa uani kwake. Nawe muuzaji, usiliache litembee miezi kwa jina lako, kwa sababu likigonga mtu polisi wataanza kwako.

21. Nilimpa kwa hiari yangu, hajarudi, na simu haipatikani. Ni wizi?

Polisi watalishughulikia. Lakini bima nyingi hazilipi gari lililotoweka mikononi mwa mtu uliyemkabidhi mwenyewe. Zinaliona kuwa ni uvunjaji wa uaminifu. Hili linawapata sana wanaokodisha magari kwa watu wasiowajua. Ripoti kituoni na kwa kampuni siku ileile, peleka nakala ya kitambulisho chake, namba zake za simu na makubaliano yoyote ya maandishi mliyokuwa nayo. Kama gari lina kifaa cha kufuatilia, usilifuate peke yako. Wape polisi mahali lilipo.